Nimetumwa Nairobi kusemea maziwa yetu, na ninaogopa

Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mfugaji huku upande wa Ol Kalou, kaunti ya Nyandarua. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Kikundi chetu kina wanachama 64, na asubuhi tunapeleka lita 700 hivi kwenye kituo cha kupozea maziwa. Mimi ndiye katibu kwa sababu wanasema mwandiko wangu unasomeka. Shule niliiacha kidato cha pili.

Mwezi uliopita tuliletewa barua kwamba kutakuwa na mkutano Nairobi kati ya wakulima na maofisa wa serikali juu ya mikataba ya biashara na nchi za nje, na kila kikundi kitume mtu mmoja. Wakanichagua mimi, wakanipigia makofi. Wiki iliyofuata maneno yakaanza. Wengine wanasema ninafuata posho. Mweka hazina anasema nauli yangu ingetosha kununua dawa ya kupe. Mume wangu si mtu mbaya, lakini ameniambia, "Hayo yalishaamuliwa Ulaya. Wewe utaenda kubadilisha nini?" Kusema ukweli nilikosa jibu.

Karatasi walizotuma ni za Kiingereza tupu, nami nimeelewa neno hapa neno pale. Tunalipwa shilingi 45 kwa lita. Mvua ikinyesha maziwa yanajaa na bei inashuka, na chakula cha ng'ombe cha magunia hakijawahi kushuka. Watu wanasema maziwa ya unga kutoka nje yatatumaliza. Ni kweli? Na nikisimama mbele ya watu wenye digrii nitasema nini? Au nimpishe mwingine?

Katibu mwenye wasiwasi

Katibu,

Nakuita kwa cheo chako makusudi, maana naona umeanza kukisahau. Usimpishe mtu. Nenda wewe.

Nianze na swali la mume wako. Ni swali la haki, usilijibu kwa hasira. Anataka kujua utabadilisha nini, nawe mjibu kwa namba: 0402. Iandike nyuma ya daftari lako la lita. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake katika vitabu vya forodha, na hiyo ndiyo namba ya maziwa ya unga. Mbele yake, kwenye jedwali la ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pameandikwa asilimia 60. Mkataba wa biashara, ukiuvua maneno yake mazito, ni jedwali refu la mistari kama huo, pamoja na tarehe ambazo kila asilimia itashuka. Siku nyingi za mazungumzo huishia hapo: mstari huu uingie, ule ubaki nje, huu mwingine ushuke taratibu. Anayejua mstari wake anazungumza jambo lilelile wanalozungumza wao, hata kama Kiingereza hakijui.

Sasa shika kalamu tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya maziwa ya unga yenye mafuta yake, ukiikoroga na maji, hutoa lita nane hivi. Mfuko wa kilo 25 unatoa lita 200. Kikundi chenu hupeleka lita 700. Kwa hiyo mifuko mitatu na nusu, mzigo ambao bodaboda moja inaubeba, ni sawa na asubuhi nzima ya wanachama 64: walioamka saa kumi usiku, waliokata majani, waliokamua kwenye baridi ya huko kwenu na kubeba mtungi hadi barabarani kwenye tope. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko unafika Mombasa kwa shilingi 10,000. Ushuru wa asilimia 60 unaongeza 6,000. Gawa 16,000 kwa lita 200, unapata shilingi 80 kwa lita. Ondoa ushuru ule, inakuwa shilingi 50. Wewe unalipwa 45, na hapo maziwa yako hayajapozwa, hayajasafirishwa wala kuchemshwa. Mwenye kiwanda atafanya hesabu hiyohiyo kabla hajamaliza chai yake.

Hiyo ndiyo hotuba yako. Badilisha tu ule mfano wangu wa 10,000 uweke bei ya kweli ya mwezi huo. Waulize maofisa wa forodha watakaokuwepo. Wakiwa hawana, hilo nalo litaandikwa kwamba katibu wa wafugaji aliuliza na hakujibiwa.

Umeniuliza kama unga utawamaliza. Nitakujibu kwa uangalifu, kwa sababu mkulima aliyetishwa kwa uongo hushindwa kupigania lililo kweli. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Kenya iliingia peke yake. Wenzetu wa Jumuiya walisita, na Bunge la Tanzania lilikuwa limeshaukataa ule wa Jumuiya nzima mwaka 2016. Katika mkataba huo Kenya inafungua soko lake kwa hatua, kwa kipindi cha miaka 25, na kuna orodha ya bidhaa zilizoachwa nje kabisa, zikiwemo nyingi za kilimo, kwa sababu zilitajwa kuwa nyeti. Kipo pia kifungu cha kinga kinachoruhusu ushuru urudishwe bidhaa ikifurika na kuwaumiza wazalishaji wa nyumbani. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mlango umeshavunjwa anawatia hofu bure. Lakini orodha ile haikushuka kutoka mbinguni, na kinga haijiwashi yenyewe. Lazima mtu alete ushahidi kwamba bei ilianguka, lini, na kwa kiasi gani. Ushahidi huo uko kwenye daftari lako. Bei mnayolipwa wiki baada ya wiki, lita zinazokataliwa msimu wa mvua, siku ambazo gari la kiwanda halikufika: kama hamna rekodi za miaka kadhaa, kifungu kile ni wino tu.

Sasa namba ya pili, na hapa nataka usome polepole: 1901. Twende Afrika Magharibi kidogo. Kule nchi za jumuiya ya kiuchumi ya ECOWAS zimekuwa zikitoza asilimia 5 tu kwa maziwa ya unga yanayoingia kwa mifuko mikubwa. Wafugaji wa Senegal, Mali, Burkina Faso na Niger wamekaa miaka mingi wakiona maduka ya miji yao yakijaa unga wa Ulaya huku ng'ombe wakipita barabarani. Lililowaumiza zaidi ni unga wa aina nyingine: maziwa yaliyoondolewa siagi, siagi ikauzwa kwa bei nzuri kwingine, na mahali pake pakatiwa mafuta ya mawese. Ukiutazama ni maziwa. Mtoto akiunywa atauita maziwa. Lakini forodhani hauingii kwa mstari wa maziwa. Unaingia kwa mstari wa vyakula vilivyochanganywa, ambao ni 1901, na mstari huo una ushuru wake mwenyewe. Mwaka 2018 wafugaji na viwanda vidogo vya nchi hizo walianzisha kampeni ya pamoja waliyoiita "Mon lait est local", yaani maziwa yangu ni ya hapa kwetu, wakidai ushuru ubadilishwe na pakiti ziseme wazi kilichomo ndani.

Unaona basi kwa nini nakwambia uende na namba mbili. Unaweza kulinda 0402 kwa machozi na damu, na bidhaa inayochukua nafasi ya maziwa yako ikapita mlango wa pembeni. Waulize: mstari wa 1901 uko wapi katika mkataba wetu na Ulaya, na katika ule wa Eneo Huru la Biashara la Afrika? Umeachwa nje, au unashuka? Nakuahidi swali hilo litawafanya watu kadhaa wafungue makabrasha yao.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo, miaka mingi sasa, katika hoteli moja jijini. Karatasi tulipewa asubuhi ileile, jambo ambalo bado linanichoma. Mpaka saa sita wakulima walikuwa wamesema kwa uchungu juu ya dhuluma, na maofisa walikuwa wakiitikia kwa vichwa bila kuandika neno. Kisha mama mmoja mkulima wa viazi akauliza tani ngapi za viazi vilivyokatwa na kugandishwa ziliingia mwaka ule, na kwa ushuru gani. Hakuna aliyejua. Ofisa aliyekuwa mbele akachukua kalamu, na hakuiweka chini tena mpaka mama yule alipokaa. Sikumbuki hotuba ya mtu mwingine yeyote siku ile.

Mume wako anasema Ulaya walishaamua. Mwelezee habari za pamba. Novemba 2001 wakulima wa pamba wa Burkina Faso, Benin na Mali walitoa tamko katika mji wa Bobo-Dioulasso. Malalamiko yao yalikuwa mafupi: Marekani na Ulaya zinawapa wakulima wao ruzuku, pamba inazidi sokoni, bei ya dunia inaanguka, na anayelala njaa ni mkulima wa Bobo. Tamko hilo lilizunguka kwenye vyama vyao, likafika kwa mawaziri, na mwaka 2003 nchi nne, yaani Burkina Faso, Benin, Mali na Chad, zikalipeleka rasmi katika Shirika la Biashara Duniani. Rais wa Burkina Faso alikwenda Geneva mwenyewe kulisemea. Septemba ya mwaka huo, kwenye mkutano wa mawaziri huko Cancún, Mexico, pamba ilikuwa ajenda inayojitegemea, na François Traoré, kiongozi wa chama cha wakulima wa pamba wa Burkina, alikuwepo huko.

Mkutano wa Cancún ulivunjika bila makubaliano. Sikufichi hilo. Lakini mwaka 2005, Hong Kong, nchi tajiri zilikubali kuondoa ruzuku za kuuzia pamba nje, na Desemba 2015, hapohapo Nairobi unapokwenda, mawaziri waliafikiana kuondoa ruzuku za mauzo ya nje kwa mazao ya kilimo yote. Ruzuku wanazowapa wakulima wao nyumbani zimebaki, nazo ndizo nene zaidi. Kazi ya miaka 14 ikazaa nusu. Mimi nusu hiyo naiheshimu sana, kwa sababu najua ilianza na watu waliokuwa na udongo kwenye kucha.

Tena angalia njia waliyopita. Hawakuanzia Geneva. Walianzia kwenye mji wao, wakaibana serikali yao wenyewe kwanza. Mjumbe wa Kenya akikaa mezani na Ulaya au Marekani hubeba maagizo kutoka nyumbani, na maagizo hayo huandikwa Nairobi, mara nyingi na watu wachache waliobanwa na muda. Ukimkuta kabla hajaandika, una nguvu. Ukimkuta ameshapanda ndege, unabaki na mabango.

Na haki ya kumkuta kabla, walikupigania wengine. Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya, kupitia Kenya Small Scale Farmers Forum, walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba mkataba huu na Ulaya unajadiliwa bila wao. Walingoja miaka sita. Oktoba 2013 mahakama iliagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakulima wadogo wakiwemo. Haikusimamisha mazungumzo, lakini ilisema wazi kwamba mkulima si mgeni mwalikwa katika jambo hili. Barua mliyoletewa inatembea juu ya njia waliyoifyeka wale. Mweka hazina akikuuliza tena juu ya nauli, msomee aya hii.

Lakini hukumu peke yake haitoshi, na sitaki urudi ukiamini hivyo. Nchini Ghana, mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya kupandisha ushuru wa kuku wanaoingizwa kutoka asilimia 20 hadi 40. Haukupita muda utekelezaji ukasimamishwa. Chama cha wafugaji wa kuku kikaenda mahakamani na mwaka 2005 kikashinda. Bunge likaifuta sheria. Wafugaji walikuwa na hukumu mkononi na hawakuwa na sheria ya kuitekeleza. Kwa maoni yangu kilichowapungukia ni wabunge waliowaogopa wapiga kura kuliko walivyowaogopa wakopeshaji wa kigeni. Ndiyo maana wanachama wenu 64 wakirudi kukaa kimya baada ya safari yako, safari hiyo itakuwa imepotea, hata ukisema kama malaika.

Kuna jambo la kalenda ambalo halimo kwenye karatasi zenu. Ushuru ule wa asilimia 60 Kenya haiugusi peke yake. Ni wa Jumuiya nzima, na mawaziri wa fedha huupitia kila mwaka kabla ya bajeti. Mabadiliko huanza tarehe 1 Julai. Mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla, kwa matangazo ya magazetini ambayo wenye viwanda huyasoma na sisi tunafungia sukari. Anzeni kuyasoma. Na msikubali mtu awaambie adui yenu ni mfugaji wa Uganda kwa sababu maziwa yake yanavuka mpaka bila ushuru. Yeye naye atauliwa na mfuko uleule. Shirikisho la Wakulima la Afrika Mashariki, EAFF, lilianzishwa mwaka 2001 ili watu kama ninyi na yeye mpate kusema neno moja mbele ya mawaziri haohao. Ulizeni kama chama mnachochangia kimo humo, na nani anawasemea maziwa.

Juu ya lugha: sema Kiswahili. Katiba yetu, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Asiyekuelewa ndiye atafutiwe mkalimani. Wakitumia neno usilolijua, inua mkono uulize maana yake. Nusu ya ukumbi itakushukuru kimoyomoyo.

Posho ni jambo la kushughulikia mapema, maana ndilo linaloua vikundi vyetu kuliko unga wowote. Kabla ya kuondoka, simama siku ya malipo useme: nimeahidiwa hiki, nauli ni hii, kitakachobaki kitaingia kwenye kitabu. Ukirudi soma tena, na stakabadhi mkononi. Watakaoendelea kunong'ona watakuwa wachache.

Mume wako mwombe jambo moja tu. Kaa naye jioni mkishamaliza kukamua, mfanye ile hesabu ya mifuko mitatu na nusu pamoja. Mpe kalamu aipige yeye. Na mwambie kwamba siku utakayokuwa Nairobi yeye ndiye atakayeandika lita, asikose hata mstari.

Nenda na daftari la lita la miaka yote uliyonayo, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa ule mwandiko wako: kikundi chenu, wanachama 64, lita 700, bei ya mwezi kwa mwezi, namba mbili na maombi mawili. Ombi la kwanza ni kwamba 0402 ibaki nje ya kila mkataba. La pili, 1901 ichunguzwe na pakiti ziseme kilichomo. Toa nakala tano. Kabla mkutano haujafungwa, tafuta ni nani anaandika muhtasari, umwendee mezani, uone kwa macho yako kwamba jina la kikundi na namba zote mbili zimeingia, kisha uombe nakala. Ukifika nyumbani niandikie. Nataka kujua walikujibu nini juu ya 1901.